Karanja Bila Namba

Bondeni, Nakuru
10 Machi 1957

Shangazi yangu Nyakio,

Nakusalimu sana, na unisalimie jirani yako Mugure na wote wa kambi ya shamba. Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha Krismasi kimeniacha, ingawa upepo ukivuma kutoka ziwani unaleta vumbi jeupe linaloingia hata kwenye chai. Chumba changu ni kile kile, na mwenye nyumba bado anaamini kwamba mlango usio na kitasa ni mlango.

Sasa nikuambie jambo kabla hujaambiwa na Kipkoech dereva, maana najua akileta viazi mjini hurudi huko na habari nzito kuliko mzigo. Nimeacha ukarani pale kwenye ghala la nafaka. Sikufukuzwa, wala sikugombana na mtu. Nimepata kazi kwa Bwana Virji, Mhindi mwenye duka la kupiga picha karibu na soko. Ananifundisha kusafisha picha katika chumba cha giza. Najua ulihangaika sana kunipatia ile kazi ya ghala, ukaenda mwenyewe kuongea na memsahib. Naomba usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Umemaliza. Sasa kasirika kidogo tu.

Je, kuna habari yoyote ya Karanja? Barua yako ya mwisho ilikuwa na habari za kila mtu, hata za ng'ombe wa bwana, lakini jina la mwanao halikuwamo.

Ni mimi mtoto wako,
Waithaka


Mau Narok
2 Aprili 1957

Waithaka mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa hasira. Huku tu wazima. Mvua imeanza, ngano ya bwana imeota, na asubuhi tunachuma pareto mikono ikiwa imekufa ganzi. Mugure anakusalimu. Mbuzi wake amezaa mapacha na sasa hatupumui kwa majivuno yake.

Umefanya vizuri kuniandikia kwa Kiswahili. Zile za lugha yetu hukaa njiani mpaka zinazeeka, na zikifika zimekwisha kufunguliwa.

Sasa tuongee. Nilikulea tangu ukiwa mdogo, mama yako alipotuacha, na najua ukidanganya hata kwa karatasi. Ni nini kilichokutoa kwenye meza ya karani ukaenda kujifungia gizani na dawa zinazonuka? Usiniambie ni mshahara. Kipkoech amekwisha kunisimulia mshahara wa huyo Mhindi. Usiniambie ni heshima, kwa maana karani anaitwa Bwana Karani, na wewe sasa utaitwa nani? Nijibu kama mtu mzima.

Lile ulilouliza mwishoni, sina la kuandika. Tuendelee kuomba.

Kula vizuri. Chai si chakula.

Shangazi yako,
Nyakio


Nakuru
5 Mei 1957

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia mvua imewafikia. Huku pia imenyesha, barabara ya Bondeni imekuwa mto, na nimevuka kwenda kazini viatu vikiwa mkononi kama mtoto wa shule. Nakula. Juzi nilikula nyama.

Umeuliza kwa nini picha. Nitajaribu. Wiki iliyopita alikuja mpishi wa hoteli, mtu mzima mwenye mvi, akataka apigwe picha akiwa ameshika kitabu. Hajui kusoma. Nikamwuliza, "Mzee, kwa nini kitabu?" Akasema, "Ni cha mtoto wangu. Akiwa mkubwa nataka aone kwamba nilikishika." Bwana Virji akampiga, nami nikaisafisha ile picha. Nilipoitoa mara ya kwanza, kitabu kilionekana vizuri lakini mikono ya mzee ilikuwa doa jeusi tu. Nikaitupa, nikafanya nyingine. Bwana Virji alinigombeza kwa kupoteza karatasi. Lakini ile ya pili, Shangazi, ungeona hata makovu ya moto kwenye vidole vyake. Mzee aliishika, halafu akavaa kofia yake vizuri kama mtu anayetoka kanisani.

Basi ni hivyo. Napenda tu. Karatasi ni nyeupe kabisa, unaiweka kwenye dawa chini ya taa nyekundu, mtu anaanza kutokea polepole, nywele na macho kwanza.

Ungekuja nikupige wewe pia, lakini najua kupata kibali cha kusafiri ni kazi. Mimi mwenyewe nimeomba cha kuja huko, nimenyimwa tena.

Wako,
Waithaka


Mau Narok
21 Julai 1957

Waithaka mwanangu,

Usiniwekee kinyongo kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi, na huku baridi imekuwa kali hivi kwamba maji ya kuoshea uso yanaganda juu.

Kisa cha mpishi nimekipenda, nikamsomea Mugure akalia. Lakini hicho ni kisa cha mpishi. Mimi niliuliza chako. Nimekuona ukiruka swali kama mtoto anayeruka mtaro, na nakuacha kwa leo tu.

Nina haja na vitu vichache, na Kipkoech atavileta akirudi. Nataka shati la mwanamume, la mtu mrefu kukuzidi, lenye kola ya kusimama. Nataka wembe wa kunyolea. Nataka kofia yenye ukingo mpana, ile wanayovaa wazee wa kuangalia kondoo. Na sukari, maana siku hizi tunakunywa uji kuliko tunavyokula chakula cha kutafuna.

Usiniulize ni vya nani.

Nyakio


Nakuru
11 Agosti 1957

Shangazi,

Salamu za upendo na heshima. Mimi sijambo. Shati, wembe, kofia na sukari viko kwa Kipkoech. Shati ni la buluu, kwa kuwa muuza duka aliniambia mwanamume wa makamo hupendeza kwa buluu.

Sitauliza. Nasema tu kwamba marehemu mume wako alitutoka zamani, Mungu amrehemu, na hakuna mtu wa haki atakayekulaumu. Kama ni yule mzee wa Njoro aliyekuwa akikuletea asali, mimi sina neno. Kama meno yake ni mabovu kiasi cha kunywa uji tu, hilo ni lako la kuvumilia. Naomba tu nijulishwe kabla ya harusi ili nije na kamera.

Nilimwuliza Kipkoech kama kuna mgeni nyumbani kwako. Akaanza kukagua magurudumu ya lori.

Mimi pia nina kitu ninachokitengeneza, na sitakuambia. Kimenishinda mara nyingi. Bwana Virji ananiruhusu kubaki dukani baada ya kufunga, mradi karatasi ninunue mwenyewe.

Mwanao,
Waithaka


Mau Narok
1 Septemba 1957

Waithaka,

Nimecheka mpaka Mugure akaja mbio akifikiri kuna msiba. Kofia imetosha. Shati pia. Huyo mzee wa Njoro alioa mwaka jana, na asali yake ilikuwa na maji.

Kuna mwanamume nyumbani, ni kweli. Si wa kunioa. Achia hapo, mwanangu, kama unanipenda.

Nakuombea kila asubuhi.

Nyakio


Nakuru
3 Novemba 1957

Shangazi Nyakio,

Barua hii haipiti posta. Nimempa Kipkoech mkononi pamoja na bahasha ngumu. Soma kwanza barua, bahasha uifungue baadaye, na uwe umeketi.

Unakumbuka mwaka ule tulipoamriwa wote kupigwa picha za vitabu vya pasi. Alikuja mtu shambani na kamera ya miguu mitatu, tukapangwa kwenye uwanja wa kupuria ngano, kila mtu akashikishwa kibao chenye namba ya chaki. Karanja alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Wewe ulikuwa upande wa wanawake. Baada ya miezi michache ndipo alipochukuliwa na askari, akapelekwa kizuizini.

Mtu yule wa kamera alikuwa Bwana Virji. Sikujua hilo mpaka mwanzo wa mwaka huu, pasi yangu iliponyeshewa ikaharibika, nikaenda kwake kupata picha nyingine. Hakunipiga. Aliniuliza natoka shamba gani, akaingia nyuma, akarudi na sanduku lililoandikwa Mau Narok. Ndani mlikuwa na filamu zetu zote, mamia, zimefungwa kwa mipira kama pesa za benki. Akaitafuta yangu kwa namba. Nikasimama pale nikijua kwamba mtu wa namba iliyo kabla ya yangu ni Karanja.

Nilimwomba. Akasema zile ni za serikali, hawezi kumpa mtu. Nikarudi mara ya pili, mara ya tatu. Mwisho nikamwuliza kama anataka mfanyakazi.

Hiyo ndiyo sababu, Shangazi. Sikuacha ukarani kwa ajili ya kupenda picha. Kupenda kulikuja baadaye.

Na kulikuwa na jambo lingine lililonisukuma. Mtu mmoja aliyerudi kutoka kizuizini aliniambia hajamwona Karanja tangu mwaka uliopita, na hakuna aliyejua alihamishiwa wapi. Nilikwenda kulala nikijaribu kumkumbuka. Sauti yake nilikuwa nayo. Nilikumbuka anavyotembea, anavyotafuna mabua ya ngano. Uso ulikataa kuja. Niliogopa sana. Nikafikiri, kama mimi niliyelala naye kitanda kimoja nimeanza kumpoteza, atabaki wapi?

Bwana Virji alipogundua ninachotafuta hakunifukuza. Alisema, "Chapa moja, rudisha filamu mahali pake, mimi sijaona."

Lakini moja haikutosha. Ile filamu ni ndogo kama kidole gumba, na ilipigwa kwa haraka na mtu aliyekuwa na mamia ya kupiga kabla ya jua kuzama. Nilipoikuza, nilipata mtu aliyekamatwa. Uso mweusi bila macho, na chini yake namba inang'aa kuliko kitu kingine chochote. Huyo sikuweza kukuletea.

Basi nikajifunza. Mwanga ukishuka kwenye karatasi, pale unapokaa muda mrefu panakuwa peusi, unapouzuia panabaki peupe. Nikawa naweka mkono wangu chini ya taa, nikiukinga uso wake usizidi weusi, mpaka macho yakaja. Kisha kwenye kile kibao nikafanya kinyume. Nikauacha mwanga uingie, uingie, mpaka chaki ikazama na kibao kikawa sehemu ya koti. Mkono ukitikisika kidogo, imeharibika. Nimeharibu nyingi. Jumapili iliyopita ikatokea moja nikasimama nayo inatiririka maji nikasema kwa sauti, "Ala! Kumbe uko hapa."

Ifungue sasa.

Waithaka


Nakuru
19 Januari 1958

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa majirani. Kipkoech ameniapia kwamba alikupa bahasha mkononi. Tangu hapo kimya.

Kama nimekosea, niambie nimekosea. Kama picha inakuumiza, irudishe, au ichome, sitauliza. Niandikie hata mstari mmoja kuhusu mbuzi wa Mugure.

Waithaka


Mau Narok
16 Februari 1958

Waithaka, mtoto wangu,

Hukukosea. Weka jambo hilo moyoni kwanza, kisha uendelee kusoma. Nami nampa Kipkoech hii mkononi.

Karanja yuko hapa. Alirudi mwezi wa Juni. Ndiye mwenye shati la buluu.

Aliletwa na lori mpaka njia panda, akatembea kupitia shamba la ngano ili asikutane na watu. Nilikuwa nachambua maharagwe. Nilimwona mtu mrefu amesimama mlangoni amejifunika uso kwa blanketi, nikamwambia, "Baba, nyumba hii haina kitu cha kuiba." Akasema, "Hata uji?" Ndivyo nilivyomjua.

Uso wake, Waithaka. Upande wa kushoto taya lilivunjika likaunga vibaya, na jicho la upande huo halifunguki lote. Kuna kovu kutoka hapo mpaka shingoni. Ilivyokuwa sitaandika, kwa kuwa hajaniambia, nami siulizi. Hawezi kutafuna vizuri. Mchana alikuwa hatoki. Kioo changu kidogo nilikikuta kimegeuzwa kinatazama ukuta, nikakiacha hivyo.

Siku ile ya kwanza alinishika mkono akasema, "Waithaka asijue." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Akijua atakuja bila kibali, watamkamata. Na akija, nitamwona akiniangalia." Nilimkubalia. Ndiyo maana niliruka maswali yako, na ndiyo maana nilipokwambia unaruka yangu niliona haya kidogo.

Picha yako ilipofika niliifungua nyuma ya banda la kukaushia pareto. Niliketi kama ulivyoagiza. Alikuwa yeye kabisa, Waithaka, na ile kona ya mdomo kama anataka kukwambia jambo la kipumbavu. Nililia, kisha nikaogopa. Nikafikiri, akiuona uso huu atajua alichopoteza. Nikaificha ndani ya debe la unga, chini kabisa, ndani ya bahasha yake. Nikashindwa kukuandikia. Kukushukuru bila kukwambia yuko hapa, mkono ulikataa. Kukwambia, nilikuwa nimetoa neno langu.

Wiki mbili zilizopita nilirudi kutoka shambani mchana nikaukuta mlango uko wazi, na yeye amekaa kizingitini, jua linampiga, picha iko magotini. Unga ulikuwa umeisha, mtu mwenyewe akautafuta mpaka chini.

Akaniuliza, "Nani amefanya hii?"

"Waithaka. Anafanya kazi hiyo Nakuru."

"Hii ni ile ya pasi. Kibao kiko wapi?"

"Alikiondoa."

"Alikiondoaje?"

"Kwa mkono wake, anasema. Kwa mwanga. Mimi sielewi."

Akaitazama tena. Nikangoja aipasue. Badala yake akasema, "Amenipa mashavu ya bwana harusi, mwongo huyu," akacheka. Taya halifungi sawasawa, kwa hiyo kicheko kinatokea upande mmoja. Lakini ni chake. Sikuwa nimekisikia tangu arudi.

Sasa kuna neno la haraka. Bwana amekubali kumchukua kazini, kwenye trekta. Lakini nyapara anasema lazima awe na pasi mpya yenye picha mpya ya uso kabla mwezi wa Aprili haujaisha, la sivyo atapelekwa upande wa Nyeri, ambako hatuna hata jiwe la kukalia. Mpiga picha alikuja shambani, Karanja akakataa kutoka. Alisema hakuna mtu atakayemsimamisha mbele ya kamera tena. Nilimsihi, Mugure akamsihi. Jana usoni pake nikaona amekata shauri. Akasema, "Waithaka peke yake. Mwingine, hapana."

Nyapara atampa kibali cha siku moja. Kipkoech atamleta. Mpokee, mwanangu. Usimwonyeshe huruma, anaichukia kuliko ugonjwa.

Mama yenu,
Nyakio


Nakuru
20 Aprili 1958

Shangazi mpenzi,

Amefika, na amerudi kwako kwa lori la jioni kama ulivyoona. Natumaini njia ya Mau haikumtikisa sana. Mimi ni mzima, labda mzima kuliko nilivyokuwa miaka mingi.

Nilipopata barua yako ya Februari nilikasirika kweli. Kisha nikakumbuka lile shati nililomchagulia mchumba wako, na ushauri wa muuza duka, nikacheka peke yangu barabarani mpaka mama mmoja akamvuta mtoto wake pembeni.

Najua Karanja hatakusimulia, kwa hiyo nakusimulia mimi.

Aliingia na kofia imeshuka mpaka machoni. Nilikuwa nimejiandaa asubuhi nzima jinsi ya kumtazama. Nikasahau yote. Nikamkumbatia, na kofia ikaanguka, akawa hana la kufanya. Bwana Virji alimtazama mara moja tu, akasema anakwenda kununua tambi za chai, hata sijui tambi za chai ni nini, akaondoka akafunga mlango wa duka.

Nikamketisha kwenye kiti. Akageuza upande wa kulia. Nikamwambia, "Ya pasi wanataka uso mzima." Akasema anajua, ila apewe muda. Nikampa. Nikajifanya nafuta kamera.

Akaniuliza, "Nitazame wapi?"

"Nitazame mimi."

"Wewe umejificha nyuma ya sanduku."

Nikatoka nyuma ya kamera nikasimama kando ya sanduku, kamba ya kupigia picha mkononi. Alinyooka, akanitazama, nikapiga. Hiyo ndiyo ya pasi. Amekaza uso kama mtu anayengoja kung'olewa jino, lakini iko wazi, hawatakuwa na neno. Na hapakuwa na kibao. Bwana Virji ataandika namba nyuma kwa kalamu.

Kisha Karanja akasema, "Mama anasema uliacha ukarani. Kwa nini, wewe mjinga?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nakutafuta."

Akasema, "Ungeangalia jikoni kwa mama yako, ungenikuta nakunywa uji."

Tulicheka wote, Shangazi, nikaiminya ile kamba bila kufikiri. Hiyo ndiyo nakutumia.

Lakini kuna la mwisho. Aliomba kuona nafanyaje, nikaingia naye chumba cha giza. Nikawasha taa ya kukuzia, ule uso wake wa kucheka ukashuka kwenye karatasi. Mkono wangu wenyewe ukanyanyuka ukaenda upande wa kushoto, kwenye kovu, kuupunguza ule mstari. Ningeweza. Sasa najua kazi hii, ningeulainisha mpaka ubaki kivuli. Akanishika kifundo cha mkono.

"Unafanya nini?"

"Naondoa kidogo."

"Acha. Namba haikuwa yangu. Hii ni yangu."

Nikarudisha mkono. Tukaingoja pamoja kwenye dawa. Alipojiona anatokea, nywele, macho, kisha lile taya, hakugeuka. Nimeichapa kwa uangalifu kuliko picha yoyote niliyowahi kushika. Kila kitu kimo. Wewe utaniambia kama nimefanya sawa.

Mwanao,
Waithaka


Mau Narok
11 Mei 1958

Waithaka mwanangu,

Umefanya sawa.

Pasi imetoka. Karanja yuko kwenye trekta tangu Jumatatu, na jioni anarudi ananuka mafuta, analalamika uji umekuwa mwembamba. Anasaga nyama kwa jiwe ili aweze kuila. Jumapili tulikwenda kanisani. Watoto walimkodolea macho, akawatolea ulimi, yakaisha.

Picha yake ya kucheka iko ukutani mbele ya mlango, kila aingiaye aione. Mimi niliogopa kuiweka hapo. Yeye mwenyewe alipiga msumari. Ile ya zamani nimeiweka kwenye Biblia yangu, maana hiyo ni ya mama.

Sasa nisikilize. Mugure alikuja akaziona zote mbili. Aliishika ile ya zamani akaniuliza ilitoka wapi, nikamweleza habari ya sanduku. Akaenda zake. Kesho yake asubuhi alirudi amevaa nguo ya kanisani. Unajua mwanawe Ndung'u alichukuliwa siku moja na Karanja, na Karanja anasema waliachanishwa mapema, hajui zaidi. Mugure akaniambia, "Muulize mtoto wako kama na wangu yumo." Nikamwambia nitauliza. Jana walikuja wanawake wengine wa kambi ya chini. Sikuwaalika. Leo wamerudi, wamekaa kando ya ukuta wangu, wanangoja niandike.

Najua nakutwika mzigo. Niambie kama hauwezekani, nami nitajua jinsi ya kuwaambia.

Nyakio


Nakuru
1 Juni 1958

Shangazi yangu,

Niko salama, na nimefurahia habari ya trekta. Mwambie Karanja asijifanye dereva mbele ya Kipkoech.

Nilimpelekea Bwana Virji neno la akina mama hao nikiwa nimejiandaa kukataliwa. Aliendelea kukunja kitambaa cha kamera. Kisha akasema, "Mimi niliwapiga wote hawa kwa siku mbili. Hakuna niliyemwuliza jina." Akanipa ufunguo wa kabati, akaniambia karatasi nisinunue tena.

Waambie wanipe majina, na walisimama karibu na nani kwenye mstari siku ile, maana filamu zina namba peke yake. Itachukua muda. Siwezi kufanya haraka, haraka ndiyo iliyowaharibu mara ya kwanza.

Ndung'u wa Mugure nimempata. Yuko nyuma yangu, watu watatu baadaye. Amekunja uso kidogo, nafikiri jua lilikuwa machoni. Nimejaribu kumchapa wiki hii nimekwama, na nahitaji msaada wa mama yake. Filamu haisemi mtu alikuwa mweusi kiasi gani. Hilo huamuliwa na anayechapa. Kwa Karanja nilijua, mkono ulijua wenyewe. Ndung'u sikuwahi kumtazama kwa karibu hivyo, na sitaki kubahatisha mtoto wa mtu.

Kaa naye, Shangazi, umuulize taratibu. Rangi yake ilikuwaje asubuhi akitoka kuoga? Na macho yake, yalikuwa makali au ya upole? Aseme chochote anachokumbuka, hata kama anaona si kitu, nawe uniandikie vile vile anavyosema.

Namngoja.

Waithaka